Jivu la Jiko la Mama

Nimeanza kuandika habari hii mara tatu katika daftari hili, na mara mbili nimechana karatasi. Mara ya kwanza niliona nimewafanya watu wa kijiji chetu wote kuwa wabaya. Mara ya pili niliona nimemfanya baba kuwa mtakatifu, na baba mwenyewe angekataa. Mimi ni mtu wa darasa la saba, sijui kupanga maneno kama waliosoma. Nitaandika lililotokea, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bariadi. Wakati huo Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, tulihesabiwa watu wa Shinyanga. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya Wasabato peke yake. Baba aliipata imani hiyo ujanani alipokwenda kulima vibarua mbali, akarudi nayo pamoja na Biblia ya jalada jeusi na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Mama alibatizwa baada ya kuolewa. Bibi, yaani mama yake baba, hakubatizwa. Alikuwa na shanga zake na kigoda chake na msonge wake ndani ya ua wetu wa minyaa, na baba hakumsumbua. Wenzetu wengi kijijini walishika mambo ya wahenga, na nyumba chache zilikuwa za Wakatoliki.

Tuliishi vizuri. Hilo lazima liandikwe kwanza, kwa sababu nikianzia kwenye moto mtu atafikiri tulichukiwa tangu mwanzo. Ijumaa jua likikaribia kuzama mama alikuwa ameshapika, na Jumamosi hatukuwasha jiko. Majirani walitutania tu. Kulikuwa na mama mmoja jirani, rafiki wa mama, ambaye ndiye aliyemshika mama siku niliyozaliwa. Huyo kila Jumamosi akipita njiani na ndoo yake alipaza sauti kutusalimu na kutania viazi vyetu vikavu:

"Mwadila, watu wa viporo! Leo mnakula michembe ya lini?"

Na mama akimjibu, "Ya jana, ila haina mchanga kama ya kwako ya leo!"

Basi tunacheka. Mume wa mama huyo ndiye alikuwa ntemi wa sungusungu wa kijiji, yaani mkubwa wa lile jeshi la jadi lililokuwa likilinda mifugo. Baba alikuwa sungusungu pia, kama wanaume wote. Alikwenda doria na upinde wake, alikwenda misibani, alichimba makaburi. Jumamosi ndiyo hakufanya kazi ya shamba. Ng'ombe akiibiwa siku hiyo na mwano ukapigwa, lile yowe la kuita wanaume, alikimbia kama wengine. Alisema hata katika maandiko ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato hangojewi mpaka Jumapili ndipo atolewe.

Kisha biashara ikafunguliwa. Zamani pamba yetu yote ilinunuliwa na chama cha ushirika, na gari lililoingia kijijini tulilijua kwa mlio. Sasa ikasemwa kwamba yeyote mwenye uwezo anunue. Yakaanza kuja malori ya watu binafsi, mengine ya pamba, mengine yamebeba mitumba na sabuni na ndoo za plastiki, mengine hatukujua yamebeba nini. Watu walifurahi na sisi tulifurahi, mimi nilipata gauni langu la kwanza lenye mfuko. Lakini ndipo ng'ombe walipoanza kupotea kwa namna mpya.

Ntemi alikuwa hodari wa kufuata nyayo. Ng'ombe akiibiwa alizifuata kutwa nzima, akajua huyu anachechemea, huyu ana ndama, hapa walinyweshwa maji. Kwa nyayo hizo alikuwa amerudisha ng'ombe wa watu wengi, wa kwetu wawili wakiwamo. Sasa nyayo zikawa zinafika barabara kuu zinakoma. Mbele yake zipo alama za matairi tu. Baba alitusimulia jinsi ntemi alivyosimama pale barabarani mara ya kwanza, akazunguka, akachuchumaa, akasema, "Ng'ombe huyu amepanda gari." Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Nadhani tangu siku ile aliogopa, maana alichokijua kuliko watu wote hakikumsaidia tena. Namwandika hivi kwa sababu nataka aonekane alivyokuwa.

Hapo ndipo alipomleta mganga. Alitoka mbali, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa na baiskeli nzuri. Akasema atazungushia kijiji dawa ili mwizi akiingia asione njia ya kutoka. Kwa dawa yenyewe alitaka kitu kimoja kutoka kwa kila mji, yaani kila kaya: konzi moja ya jivu la jiko. Majivu yote yachanganywe na dawa katika chungu kimoja, kisha yazikwe kwenye njia zote zinazotoka kijijini. Mji mmoja ukikosekana, alisema, pale patabaki tundu.

Wakatoliki walitoa. Mzee wao mmoja alisema jivu ni jivu, hata padri huwapaka waumini usoni Kwaresima inapoanza. Baba akakataa. Ntemi alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akapewa togwa.

"Ndugu yangu," akamwambia baba, "sikuambii uabudu. Nakuomba taka za jikoni."

"Ukiniomba taka nitakupa hata gunia, ukamwage shambani," baba akasema. "Hii ni ya mganga. Niongezeeni zamu za doria. Nitalinda mara mbili ya wengine."

"Zamu zako nitazichukua. Na jivu je?"

"Jivu hapana."

Ntemi akanywa togwa yake yote, akasema "wabeja", yaani asante, akaondoka. Hawakugombana. Nilikuwa napepeta mtama pembeni, nilisikia yote.

Asubuhi yake baba na mama walikwenda shamba la mbali. Bibi akaniita msongeni kwake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, labda kumi na moja.

"Kachote jivu kwenye jiko la mama yako," akasema. "La kwangu halifai, mimi hapa nakaa kwa mwanangu. Mwenye mji ni yeye."

Nikamwambia baba amekataa.

"Baba yako amekataa kwa kinywa chake. Mimi nilimzaa, najua akikataa anakuwaje. Mungu wake atapungukiwa nini kwa konzi moja? Huyo Mungu anapika?"

Nilicheka, hilo ndilo linaloniuma. Nikachota jivu, nikalifunga kwenye pindo la kanga kuukuu, nikalipeleka kwa mke wa ntemi, maana yeye ndiye aliyekuwa anapokea majivu ya wanawake. Alikuwa amechuchumaa kando ya chungu. Akafungua kanga, akamimina, akaikung'uta vizuri, akanirudishia.

"Baba yako anajua?"

Nikaanza kuikunja kanga.

"Haya ng'wanone, mwanangu. Sijakuona na wewe hujaniona. Pita nyuma ya zizi."

Dawa ikazikwa. Msimu mzima hakuibiwa hata mbuzi. Watu wakasema mganga ni mganga. Baba alitaniwa kidogo kwamba analindwa na dawa asiyoichangia, kama mtu anayeota moto wa jirani, na yeye akacheka. Mimi nililala raha. Nilifikiri mimi na bibi tumekiokoa kijiji.

Halafu zizi lililovunjwa likawa la ntemi mwenyewe. Waliondoka ng'ombe karibu wote, na maksai wa kulimia wakiwamo. Ilikuwa Jumamosi alfajiri. Mwano ukapigwa, baba akatoka mbio bila kuvaa shati. Wakazifuata nyayo mpaka barabarani, zikakoma. Wakati wa kurudi, baba alisema, hakuna aliyetembea karibu naye. Wamefika kwenye mpaka wa kijiji, kijana mmoja akatema mate akasema, "Tundu tunatembea nalo hapa hapa."

Mkutano uliitishwa Jumamosi iliyofuata. Baba aliomba usogezwe, kwa sababu ya Sabato, nao wakausogeza hadi Jumapili. Sijawahi kumsikia mtu akilisema hilo, nalo ni haki yao. Wakatoliki wakanung'unika kwamba kwa ajili ya Msabato mmoja wao wamekosa misa.

Tulikutana kwenye uwanja wa ghala la chama, ambalo lilikuwa halina pamba tena, popo tu. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake na watoto tulisimama nyuma. Baba aliambiwa alete jivu na dume moja la ng'ombe, yaishe. Akasema dume atatoa, hata leo, kama ni faini ya kuwaudhi wenzake. Jivu hatatoa.

"Dume bila jivu ni kitoweo!" mtu mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

Nilimtazama mke wa ntemi, alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, anafungua, anafunga tena. Hakugeuka. Nikamvuta mama kanga, nikamnong'oneza kwamba jivu tulishatoa, bibi alinituma. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. "Nyamaza," akasema bila kufumbua mdomo. "Baba yako akisikia atasimama sasa hivi adai lirudishwe. Nyamaza kabisa."

Tukatengwa. Asiyejua kwetu atafikiri kutengwa ni kununiwa. Kutengwa ni kwamba hupewi moto wala hutoi moto, hukopi chumvi, huteki maji mpaka wengine wamemaliza kuteka, hakuna anayekusalimu, hakuna anayekuja ukifiwa. Na anayekiuka anatozwa ng'ombe, kwa hiyo sitamlaumu mtu ambaye hakutusalimu. Shuleni niliketi dawati langu peke yangu. Rafiki yangu mmoja alikuwa akinipita anakohoa mara mbili. Nilijua ndiyo salamu yake, nami nikawa nakohoa. Kiberiti tulikifuata Bariadi, kwa sababu mwenye duka la kijijini naye aliogopa. Pamba yetu ilijaa ndani ya nyumba kubwa mpaka tukawa tunalala tumeegemea magunia. Wachukuzi wa kijijini walikataa kuyagusa, na lori la mnunuzi mwenye huruma kidogo lilikuja siku moja tu, Jumamosi, baba akalitazama likiondoka.

Lililokuwa likisubiriwa lilijulikana. Baba akitoa jivu tunabaki, akiendelea kukataa tutaondolewa, na pale ndipo babu alipozikwa na ndipo shamba lilipo, hatukuwa na pengine.

Mama akaona hawezi kukaa hivyo. Akanichukua tukaenda kisimani mchana wa jua kali, wakati ambao mke wa ntemi alizoea kwenda peke yake. Tukamkuta. Aliangalia huku na huku kwanza.

"Mayu, mama mwenzangu," mama akasema, "mimi sikuombi maji. Mtoto huyu alikuletea jivu au hakukuletea?"

Akaweka ndoo chini. "Aliniletea."

"Basi sema."

"Niseme kwa nani?"

"Kwa mumeo. Kimya kimya. Aseme mji ule ulishatoa, watu watuache, na mume wangu asijue lolote."

Mke wa ntemi akakaa juu ya ndoo yake. Hakuwa na hasira. Maneno yake nayakumbuka vizuri kuliko mengine yote katika habari hii.

"Rafiki yangu, hebu fikiri. Nikisema jivu lenu lilikuwamo, basi dawa ilikuwa kamili. Na ng'ombe wameondoka. Mganga alimleta nani? Watu walitoa mbuzi na mbuzi kumlipa mganga yule. Leo wote wanamtazama mumeo. Nikisema, kesho watamtazama wa kwangu. Na mimi hata maziwa ya mtoto sina tena."

"Kwa hiyo sisi tufe."

"Nani kasema kufa? Mumeo atoe jivu! Konzi moja! Mbona mtoto aliweza?"

Waliteka maji wote wawili, mama akasubiri mwenzake amalize kama sheria ilivyotaka, tukarudi.

Siku walipokuja ilikuwa mchana, kama saa nane. Usiku wa jana yake ng'ombe wa mtu mwingine walikuwa wameondoka. Tulisikia filimbi, kisha tukaona vumbi. Mbele walikuwa vijana, wengi wao nawajua kwa sura, mmoja aliwahi kunifundisha kupanda baiskeli. Walikuwa na mawe na rungu, na mmoja amebeba ukuni unaowaka. Mawe yakaanza kupiga mlango na vyungu vya mama. Baba akatoka akasimama mlangoni na mikono mitupu. Jiwe likampata juu ya jicho, damu ikamwagika mpaka kifuani.

Ntemi alifika anakimbia. Nitaandika kwa herufi kubwa kama nitaweza: alisimama mbele ya baba. Aliwageukia vijana akapanua mikono, akasema atakayerusha tena arushe kwake. Wakasimama.

Kisha akamgeukia baba. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba.

"Nitawazuia mpaka lini? Nipe jivu. Sasa hivi, mbele yao. Ingia ndani uchote, au mwambie mkeo achote, wewe angalia pembeni."

Baba akatikisa kichwa kukataa.

Mimi nilikuwa ndani na bibi na wadogo zangu, nachungulia dirishani. Sikupanga. Nilijikuta niko nje napiga kelele kwamba jivu tulitoa, jivu tulitoa, nililipeleka mimi mwenyewe. Hata yule mwenye ukuni akaushusha.

"Nani alilipokea?" ntemi akauliza.

Nikamwonyesha mkewe. Alikuwa amefika na wanawake wengine, amesimama nje ya ua.

Bibi naye akatoka akishikilia ukuta. "Nilimtuma mimi," akasema. "Mji huu ulitoa. Kama dawa yenu ni mbovu, mwulizeni mwenye baiskeli."

Lau angeishia kwenye ile sentensi ya kwanza. Lakini bibi alikuwa bibi.

Ntemi akamsogelea baba, karibu sana. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, nilisikia. "Wasikilize mama yako na mwanao," akasema. "Sema mji wako ulitoa. Sema tu ndiyo. Neno moja na watu hawa nawarudisha."

Baba alinitazama. Damu ilikuwa imeziba jicho moja, alinitazama kwa lile jingine. Alimtazama bibi. Akatazama ndani ambamo wadogo zangu walikuwa wanalia kati ya magunia ya pamba. Halafu akaitikia kwa kichwa. Hakusema neno, ila aliitikia. Kila mtu aliona. Baba yangu, aliyekataa mbele ya mkutano mzima, aliitikia kwamba mji wake uliingia katika dawa ya mganga.

Ntemi akashusha pumzi. Akamgeukia mkewe, akamwuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Ulipokea?"

Nafikiri alitaka ajibu ndiyo. Nina hakika alitaka. Hakujua yale aliyoyasema mkewe kisimani, au kama alijua, pale alisahau. Mama yule alimtazama mumewe, akawatazama vijana, na mwenye mji ulioibiwa jana yake, ambaye alikuwa ameanza kusema, "Kama lilipokelewa, basi dawa ya nani..." Hakumaliza, kwa sababu mama yule alikwisha jibu.

"Sikupokea kitu. Mtoto anaogopa, anasema lolote."

Sikumbuki aliyeweka moto. Nakumbuka paa la nyasi lilivyoshika, na pamba ndani ilivyowaka kimya kimya, bila mlio, moshi mweupe mzito unatoka chini ya mlango. Mama aliwavuta watoto. Ntemi mwenyewe aliingia akamtoa bibi aliyekuwa amerudi kuchukua shanga zake, akatoka naye mgongoni anakohoa. Vijana wale hawakutupiga tena. Walisimama wanatazama kama watu walioagizwa kitu wakakileta, kisha hawajui wakiweke wapi. Mke wa ntemi hakuwapo tena.

Tulipewa mpaka jua lizame. Ntemi alituletea mkokoteni na punda wa mtu mwingine, maana yeye hakuwa na maksai. Baba alimwambia "wabeja". Tulipakia sufuria, jembe, Biblia ambayo mama alikuwa ameifunga tumboni, na bibi juu ya vyote. Njiani watu walisimama kwenye miji yao. Baadhi ya wanawake walilia wazi wazi, ingawa kulia kwa ajili yetu nako pengine kulikuwa na faini.

Tukafikia Somanda, pale Bariadi, kwa ndugu wa mama, tukapanga chumba kimoja. Mashamba hatukuyapata tena. Kesi ilifunguliwa, kijana mmoja akakaa mahabusu wiki chache akaachiwa, na sijui hata kama ni yeye. Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha, akazikwa na watu wa kanisani ambao hakuwahi kukubali kuingia kwao. Walimchimbia kaburi vizuri sana.

Ijumaa ya kwanza pale Somanda jua lilipokaribia kuzama, mama alitandika mkeka, tukakaa tukimsubiri baba aanze wimbo kama siku zote. Hakuanza. Alisema, "Anza wewe, mama watoto." Mama alidhani ni jeraha linamwuma. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na walipotaka kumfanya mzee wa kanisa alikataa, akawaambia wazee kwamba yeye aliwahi kuulizwa mara moja na alijibu vibaya. Wazee walimwambia Bwana amekwisha kusamehe. Aliwaambia anajua.

Mama mpaka leo anasema baba hakuitikia. Anasema jiwe lilikuwa limempiga, kichwa kiliinama chenyewe kwa kizunguzungu, na mimi nilikuwa mtoto, nimeona nilichotaka kuona. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Inawezekana. Mimi ndiye niliyetoka ndani nikapiga kelele, na mtu aliyepiga kelele anataka aone imesaidia. Kama nisingetoka, nyumba ingechomwa vile vile, lakini baba angeondoka pale na lile "hapana" lake. Mimi nilimletea njia ya kutokea, akaipita, na ilikuwa imefungwa.

Nilimwuliza alipokuwa mgonjwa, hapa hapa Somanda, nilipokuwa nakaa naye hospitali zamu ya mchana. Nilimwuliza moja kwa moja kama nilimkosea.

"Ulisema uongo?" akauliza.

"Hapana."

"Basi."

"Lakini mama anasema hukuitikia."

Alikuwa anakunywa uji kwa kijiko. Akameza.

"Mama yako ananipenda," akasema. "Niliitikia. Na nikuambie, pale nilipoitikia niliona raha. Sekunde kidogo hivi. Niliwaza, kumbe kesho tutaamka hapa." Akanirudishia bakuli. "Uji una sukari nyingi. Waambie."

Nikaenda kuwaambia.